Kogo Alipomwambia Daktari Aulize Mahindi

Nilianguka mtihani wa meno kwa sababu nilijibu kila swali vizuri mno.

Katikati ya miaka ya tisini, daktari wa meno alikuwa akija mara moja kwa muhula katika hospitali ya serikali iliyo karibu na shamba letu la majani chai. Watoto ambao meno yaliwazuia kula au kusema walifungwa waya za kunyoosha meno bure. Wenye ubaya wa sura tu walijilipia, na sisi hatungeweza. Meno yangu ya mbele, ya juu na ya chini, hayakukutana. Hata nikiuma kwa nguvu, kidole kilipita katikati. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa nimeacha kucheka.

Lakini nilipenda kufaulu kuliko nilivyopenda meno. Wiki nzima nilijifundisha mbele ya kipande cha kioo, niseme bila ulimi kuchungulia. Daktari aliponisemesha, nilijibu kama msomaji wa taarifa ya habari.

"Na chakula, unakula vizuri?"

"Ndiyo, daktari. Kila kitu." Kwetu mtoto halalamikii chakula mbele ya wageni.

Akaandika kwenye fomu. "Huyu ni sura tu. Hastahili."

Kogo, nyanya yangu aliyenileta, akatoa mfukoni hindi la kuchoma tulilobeba la njiani.

"Daktari, umeuliza mdomo. Mdomo tumeufunza adabu. Sasa uliza mahindi."

"Mama, hapa si jikoni."

"Najua. Jikoni hatupangi foleni."

Akanipa lile hindi, nikaanza kubandua punje kwa kidole gumba, moja moja.

"Hapana, uma," daktari akasema.

Nikauma. Hindi likatoka zima, limelowa mate tu.

Nyumbani hakuna aliyeona shida hiyo. Kogo aling'olewa meno mawili ya chini akiwa msichana, desturi ya Wakipsigis wa rika lake, na mahindi aliyala kwa kubandua vivyo hivyo. Watu walidhani namwiga. Sijui yeye alishuku lini kwamba simwigi. Ninachostaajabia mpaka leo ni kwamba hakuomba kuhurumiwa. Aliisikiliza kanuni, akailetea kile ilichokitaka. Daktari naye namheshimu: alifuta alichoandika mbele yetu, akaandika upya.

Mimi nilitaka tuondoke haraka. Msichana wa sweta ya kijani aliyenitangulia alikuwa amejibu kama mimi, tukimsikia kutoka kwenye foleni, kwamba anakula kila kitu, akatoka akilia, akaketi nje. Nilimkumbuka, na nikanyamaza. Niliogopa nafasi iko moja.

Kogo hakuuliza nafasi ziko ngapi. Alilivunja lile hindi, akachukua nusu ambayo sikuigusa, akasimama mlangoni.

"Wewe wa sweta! Rudi, mtoto wangu. Hukuulizwa vizuri."