Kidole cha Sita Kwenye Bango la Chama

Naona haya hata kuusimulia, lakini kwa kuwa kiwandani wameshanibatiza Mama Vidole, bora mkasa huu muusikie kwangu mwenyewe kabla hawajauongezea chumvi.

Nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye kiwanda chetu cha nguo hapa Dodoma, na wiki ya Mei Mosi chama cha wafanyakazi kikanikabidhi bango la zamani nilikung'ute vumbi. Kukung'uta tu, basi. Bango lenyewe alilishona Mzee Ndahani, fundi mstaafu, enzi za ujana wake: kitambaa chekundu, chini tumba la pamba, juu kiganja cheupe kilichokunjuliwa. Kila mwaka yeye ndiye huwaeleza watu maana yake uwanjani, na safari hii alishasema miguu imechoka, ndiyo mara yake ya mwisho.

Mimi nikaliona lina mikunjo, nikajiambia fundi mzima siwezi kubeba mikunjo mbele ya mgeni rasmi, nikalipeleka nyumbani kwangu mtaa wa Kikuyu, nikachomeka pasi, mara jirani akabisha hodi kuuliza kama na kwangu maji yamekatika (yalikuwa yamekatika, na tukalijadili suala hilo kwa kina), kurudi ndani chumba kizima kinanuka, na kati ya kidole gumba na cha shahada kuna alama ya pasi, nyeusi tii.

Badala ya kukiri, nikakata kitambaa cheupe (chekundu sikuwa nacho) nikaziba. Pasi imechongoka mbele, kwa hiyo kiraka nacho kikatoka kama kidole. Nikasema moyoni, nani atahesabu?

Kumbe wanahesabu, tena kwa sauti.

Siku ya siku nimeshika mti wa bango, upepo unalivuta, shingo nimeinyoosha kwa madaha, Mzee Ndahani akapewa kipaza sauti. "Mbukwenyi," akatusalimu Kigogo, kisha akaomba kila mtu ainue mkono (mgeni rasmi naye akainua) wahesabu pamoja vidole vya bango. Moja, wachambua pamba. Mbili, wasokotaji. Tatu, wafumaji. Nne, watia rangi. Tano, washonaji. Uwanja ukashusha mikono. Fimbo ya mzee ikabaki juu, imeelekea kidole kisicho na kazi.

"Mwanangu," akaniita, kipaza sauti bado kiko mdomoni, "na huyu ni nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu, pasi, nikajibu, "Shikamoo babu. Wapiga pasi."

Wapiga pasi wetu, wanaoandamana nyuma kabisa miaka yote bila kutajwa, wakapiga vigelegele mpaka wakavunja mstari. Mzee akangoja wanyamaze. "Marahaba," akasema. "Hawa niliwasahau mimi. Mnisamehe." Nikaanza kulia kwa aibu, watu wakadhani ni furaha, wakanipigia makofi.

Jumatatu nilikwenda kwake kukiri. Akakipapasa kiraka polepole.

"Mwanangu, alama ya pasi nisiijue mimi?"

"Nikifumue, babu?"

"Kifumue, halafu uwaeleze wapiga pasi wewe mwenyewe. Na mwakani bango utalieleza wewe."

Kiraka sikuthubutu kukifumua, ila tangu hapo nimeapa, nikiambiwa nikung'ute nitakung'uta tu, na pasi nimemgawia yule jirani. Lakini wafagiaji wa kiwandani wameshaanza kunijia, wananiuliza kwa upole kabisa kidole chao nitakishona upande gani.