Mbwa Asilowe

Mama alipofariki, kaka yangu alibaki na nyumba na migomba, mimi nikabaki na mbwa. Hakuna aliyenipa. Nilimchukua kwa sababu mbwa watatu wa kaka walikwisha kumrarua sikio, na kwa sababu asubuhi niliyoondoka mlimani kwenda kuanza kazi mjini alinifuata mpaka kwenye daraja la miti, akaketi, akanitazama kama mtu anayesubiri jibu.

Hakuwa na jina. Kwetu mbwa alikuwa mbwa. Mama alimwita kwa sauti moja tu. Alikuwa na pengo la meno mawili ya chini, yaliyong'olewa alipokuwa msichana kama walivyong'olewa wote wa rika lake, na katika pengo lile alivuta hewa kwa ulimi, ukatoka mluzi mfupi wenye majimaji ndani yake, kama ndege anayekunywa. Mbwa angekuwa popote, hata bondeni kwenye mto, angekuja mbio. Mimi ni mtoto wa misheni. Meno yangu yote yako mahali pake. Nilijaribu mluzi ule tangu utotoni na sikuupata. Mbwa alikuwa akinijia, ndiyo, lakini kwa kutembea, kwa heshima tu.

Zilikuwa siku za Mwingereza. Ghala lililoniajiri lilipokea kahawa kutoka mashamba ya walowezi kule Usa River na kutoka vishamba vyetu vya mlimani, na kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mizani. Meneja, Mzungu mwembamba mwenye shingo nyekundu, alikuja kila asubuhi na gari lake, mbwa wake wa madoadoa amekaa kiti cha mbele, mpishi wake amekaa nyuma. Mchana mbwa yule aliingia naye katika hoteli ambayo mimi niliijua kwa nje tu. Nilikuwa nikiwatazama nikafikiri kwamba kule Uzunguni mbwa wangu angepokewa, mimi nisingepokewa, na huku mitaani kwetu mimi ningepokewa, yeye hapana. Katika mji mzima hapakuwa na mlango mmoja wa kutupitisha sote wawili.

Mwanzoni tulilala kwenye banda la magunia matupu, kwa ruhusa ya mlinzi, ruhusa iliyokuwa ikichakaa kila siku. Jioni nilitafuta chumba. Nyumba ya kwanza mwenyewe alikuwa barazani, anakunywa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chumba kipo. Tena kina dirisha." Kisha akaona nyuma yangu. "Huyo wa nani?"

"Wangu."

"Basi chumba hakipo."

"Na dirisha?" nikauliza, kwa ukali wa ujana.

"Dirisha limekwenda na chumba," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mama mmoja kutoka Uchagani, aliyepika mbege, pombe ya ndizi, na kuiuza hapo hapo uani. Alinikaribisha vizuri. Yeye ni Mlutheri mwenzangu, alisema, mbwa hamsumbui. Lakini mbwa wangu alizoea kulala mlangoni, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu machoni bila kupepesa. Kabla wiki haijaisha mama yule aliniita pembeni.

"Mwanangu, mbwa wako anawatazama wateja wangu kama mchungaji. Mtu anainua kata, anakutana na macho yale, anakumbuka watoto wake, anaenda nyumbani. Mimi nitakula nini?"

Tukarudi kwenye magunia. Mlinzi alikohoa kwa namna iliyoeleweka. Nilijua kwamba nikishindwa kupata chumba itanibidi nimrudishe mbwa mlimani kwa mbwa wa kaka, au nimwache barabarani, na mbwa asiye na mwenyewe wala kibati cha leseni shingoni hakuwa na maisha marefu katika mji ule.

Hapo ndipo nilipofika mtaa wa Ngarenaro, kwa mjane mmoja mzee, Mwislamu, aliyezaliwa Pangani na kuletwa bara akiwa bi harusi. Alikuwa na nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Nilimkuta barazani akitafuna tambuu upande mmoja wa kinywa, maana mbele meno yalikwisha kumuaga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Mmeru mwenye ng'ombe?"

"Ni mbwa, bibi."

"Macho ninayo. Nimesikia habari zako, mji wenyewe huu mdogo. Haya, nisikilize. Mbwa mkavu hana neno. Akinigusa yeye mkavu na mimi mkavu, nimebaki na tohara yangu. Lakini mbwa aliyelowa akinigusa, au akigusa chombo changu, ni kuosha mara saba, na mara moja katika hizo ni kwa udongo. Na mgongo wangu huu hauna mara saba. Kwa hiyo mbwa wako asilowe. Siku nikimkuta amelowa ndani ya ukumbi wangu, mnatoka wote wawili."

"Na pua yake, bibi? Pua ya mbwa ina majimaji siku zote."

Alifikiri, akatema tambuu. "Pua atakaa nayo kwako."

Chumba kilikuwa cha mwisho, karibu na kuni, na hapakuwa na njia ya kukifikia ila kupitia ukumbini. Kilikuwa kiangazi, vumbi limekaa juu ya kila jani. Nilikubali upesi, kama mtu asiyejua mvua ni nini, mimi niliyezaliwa mahali ambapo hata kuni hukaushwa juu ya jiko kabla hazijawashwa.

Miezi ile ya vumbi tuliishi kwa amani. Mchana mbwa alilala uani chini ya upenu. Jioni nilifungua mlango wa uani, nikapiga mluzi wangu mbovu, naye akaja pole pole. Kazini nilisema Kiswahili, na kwa meneja Kiingereza cha kujibu tu. Kimeru nilikisema chumbani, kwa mbwa. Sikuwa na mwingine. Nilimwambia ni nani ameleta kahawa siku hiyo kutoka upande wetu, na kwamba sikuthubutu kuwauliza kama kaburi la mama limepandwa maua. Wakati ule nilikuwa nikiandika hadithi yangu ya kwanza. Niliandika kwa Kiswahili, kisha nikamsimulia yeye kwa Kimeru, na kila nilipofika mahali ambapo mama anaingia na kusema neno, kalamu ilisimama. Uso wake niliukumbuka. Mikono yake pia. Sauti yake ilikuwa imeondoka, kama inavyoondoka harufu ya maua ya kahawa, ambayo huijaza nchi nzima kisha asubuhi moja huikuti, na huwezi kuikumbuka kwa kutaka.

Halafu masika yakaingia. Mlima ulifutika. Mawingu yalishuka mpaka kwenye paa za Ngarenaro, na mitaro ikaanza kusema. Nilichukua gunia la kahawa, nikaazima sindano kwa fundi cherehani aliyepanga chumba cha jirani, nikamshonea mbwa vazi la kumfunika mgongo na tumbo.

Fundi alipomwona alishika mbavu. "Bibi, njoo uone! Mmeru kamvisha mbwa kanzu! Kanzu tayari, bado kofia."

"Mwache," bibi akasema kutoka jikoni. "Huyo angalau hupanguswa miguu. Wewe unaniingizia tope kila siku."

Vazi lilisaidia kwenye manyunyu. Kwenye mvua yenyewe halikusaidia kitu, kwa sababu mbwa alikuwa wa mlimani na mvua ilikuwa kwao. Ikianza kunyesha aliondoka upenuni akaenda kusimama katikati ya uwazi kando ya mtaro, ameinua uso, amefumba macho. Nilimwita. Alinisikia, sikio lake zima liligeuka. Kisha akaja kwa mwendo wake ule wa heshima, na mpaka afike alikuwa ameloa hadi mfupani. Nikampangusa na kumpangusa, nikamviringisha blanketi langu, nikampitisha ukumbini mikononi kama mgonjwa, huku nikijibana ukutani. Jioni moja bibi alisimama mlangoni mwake na taa, akanitazama nikipita. Tone moja lilianguka kutoka kwenye mkia.

"Ua ni wa mvua, mwanangu," alisema taratibu. "Ukumbi ni wangu. Sisemi mara ya tatu."

Tangu hapo kila mvua iliyopiga bati la ghala ilinipiga mimi. Niliitazama mizani nisiione.

Alasiri moja ikaja mvua ya kutisha, na meneja akatubakiza sote tuburute magunia kutoka upande uliokuwa ukivuja. Jioni ilikuwa imekwisha kuingia nilipoachiliwa. Nilikimbia mji mzima. Njiani niliyaona yote waziwazi: sanduku langu barazani, mkeka wangu umeviringishwa juu yake, karatasi zangu zimeloa, na mbwa pembeni, mwenye hatia asiyoijua. Niliwaza tutalala wapi. Sikupata mahali.

Nilipita nyuma, upande wa uani. Mkono wangu ulikuwa juu ya ua wa mabua nilipousikia mluzi.

Ulikuwa mfupi, wenye majimaji ndani yake. Haukufanana tu na wa mama, ulikuwa ule wenyewe. Kwa kiasi cha pumzi moja nilikuwa mlimani, ukungu uko kwenye migomba, na mtu anasimama mlangoni, anatuita sote wawili tuingie.

Mbwa alitokea mtaroni mbio. Sikuwa nimemwona akikimbia hivyo tangu msiba. Alinipita miguuni bila kugeuza kichwa, akaingia upenuni.

Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, ameukusanya upindo wa kanga yake kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika mwiko anamwelekeza nao mbwa kwenye gunia lililotandikwa chini. "Hapo. Laza matako hapo. Mbali na birika langu. Ehe."

Fundi alichungulia dirishani mwake. "Bibi, umejifunza lini mluzi wa Wameru?"

"Huyu kijana anaupiga kila jioni kama birika lenye kutu, naye mbwa anakuja akiwa ameshalowa. Nikasema ngoja niokoe ukumbi wangu. Si hewa tu? Unaipitisha hapa palipo wazi." Akafungua kinywa akamwonyesha ufizi.

Nikaingia uani. "Bibi," nikasema, "tafadhali, rudia."

"Nirudie nini? Mbwa si huyo, amefika?"

Nilitaka kumweleza. Maneno yote yaliyokuja yalikuwa ya Kimeru. Mbwa alikuwa amelala juu ya gunia, kidevu kwenye miguu, anamtazama bibi usoni bila kupepesa, na mkia wake unapiga chini polepole.

Nikapiga hatua kuelekea mlango wa ukumbi.

"Wewe! Unakwenda wapi hivyo?" bibi akasema. "Umelowa! Simama hapo hapo."

Akachukua kwa ncha ya mwiko lile vazi la gunia lililokuwa limeanikwa juu ya jiko, likiwa kavu na bado lina moto, akanirushia. Kisha akaingia ndani kutia udhu wake.

Nilisimama upenuni nikijipangusa uso kwa gunia lile lenye harufu ya kahawa na mbwa. Mvua ilikuwa bado inamwagika. Nilimtazama mbwa, aliyekuwa ameanza kukauka, nikaomba moyoni ainuke, atoke tena mvuani, aende hata mbali, ili aitwe.