Mkeka Ambao Sikutaka Uishe

Nyumba ya Bi Mishi, kule Mtongwe, ilinuka karafuu maiti. Ni ile harufu baridi inayopanda puani kisha ikashuka kooni, ambayo kwetu mtoto huikuta siku ya msiba tu. Ilitoka kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda chake, alikoweka sanda yake, pamba na chupa ya marashi, vyote tayari, naye mwenyewe yu hai, anatafuna tambuu na kuwatukana kuku. Ilichanganyika na harufu ya majani ya ukindu yaliyolowekwa kwenye beseni, na mpaka leo sijui kuzitenganisha. Nilipelekwa pale kujifunza kusuka mikeka nikiwa na miaka kama tisa, wakati watu wa Likoni walikuwa hawana mazungumzo mengine ila uhuru unaokuja.

Mama alinipeleka kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kwingine. Mwalimu aliyetufundisha kushona shuleni alikuwa na rula, na kila mshono ulipokwenda kombo rula ilishuka kwenye vifundo vya vidole. Mkono wangu ukajifunza kuogopa kabla haujajifunza kushona. Nikishika sindano nilitetemeka, nikitetemeka nilikosea, na nikikosea nilipigwa. Mama alimweleza Bi Mishi haya yote mlangoni kwa sauti ya chini, nami nimejificha nyuma ya leso yake. Bi Mishi macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akiona vivuli tu. Alinishika mikono, akaigeuzageuza kama anayechagua samaki sokoni, akasema, "Mkono huu haujafa. Niachie."

Tulikuwa wasichana wachache, na mkubwa wetu alikuwa Zuhura, aliyejua kila kitu na kukisema kabla hujauliza. Kazi yetu ilikuwa kusuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu ambao baadaye hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Wenzangu walipewa ukindu uliotiwa rangi, wasuke mikeka ya kuuza. Mimi, niliyekuwa bado natoa ukili uliopinda, siku moja Bi Mishi aliniwekea mapajani ukindu mweupe, mwembamba, ule aliouficha asiuguse mtu. "Huu ni wangu," alisema. "Nikifa nitalazwa juu yake. Usuke wewe." Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni nikingoja acheke, naye akageuka kutafuta tambuu yake.

Jioni ile kisimani Zuhura alinishika bega. "Mkeka wa maiti ukisha, mwenyewe hakai," aliniambia. "Wallahi, nyanya yangu wa Waa alishonewa wake Ijumaa, Jumamosi twamzika." Nilikaa na maneno hayo tumboni. Kuanzia hapo kila nilipoongeza ukili niliona naupunguza uhai wa mtu, na mtu mwenyewe ameketi karibu yangu, ananipigia hadithi. Nikaanza kufumua. Bi Mishi alikuwa akisinzia baada ya sala ya adhuhuri, nami wakati huo nilifumua polepole yote niliyosuka asubuhi, nikayanyoosha majani, kisha nikayasuka upya ili akiamka anikute nina kazi mkononi. Ukili ulirefuka kidogo sana, na mimi nilifurahi.

Kilichonitisha zaidi ni pale alipojipima. Alizishona zile kili chache zilizokuwa tayari, zikawa kipande cha mkeka, akakitandika sakafuni. Akalala juu yake chali, akaibana miguu, akaweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto kifuani, akafumba macho. Taya lililokuwa halikomi kutafuna likakoma. Hata kuku uani sikuwasikia. Niliita, "Bi Mishi." Hakuitika. Niliita tena, na ile harufu ya chini ya kitanda ikawa kama imenijia yote kwa pamoja. Kisha midomo yake ikasogea, uso mzima umetulia vilevile. "Miguu yatoka nje?"

"Yatoka, Bi."

"Kuanzia wapi? Niguse."

Nilimgusa juu ya kifundo cha mguu. Ulikuwa wa baridi. "Basi bado," alisema, akajiinua akishika kiuno. "Suka." Akawa akifanya hivyo mara kwa mara, na kila alipolala sikujua kama safari hii ataamka.

Siku alipogundua, alikuwa akiupitisha ukili wangu vidoleni, akasimama kati. "Ukindu huu umelegea. Umesukwa, ukafumuliwa, ukasukwa tena. Mbona wafumua?" Nilificha mikono kwapani nikingoja kipigo. Hakikuja, na badala yake yakaja machozi yangu, nikamwambia yote aliyosema Zuhura. Bi Mishi alicheka mpaka tambuu ikamtoka. "Kumbe wanizuia nisife! Ndoo hapa, karibu yangu. Nipe mikono." Akaishika kwa muda mrefu. "Tangu lini haitetemeki?" Sikujua. Nilikuwa nimeshughulika mno na kumwogopea yeye hata nikasahau kujiogopea mwenyewe. "Kufa kwangu si kazi yako," alisema. "Kazi yako ni ukili. Maliza."

Nikamaliza. Akaushona, akajipima, miguu ikaenea, akauviringisha akauegemeza ukutani bila kusema umependeza. Kesho yake asubuhi nilikwenda mbio, nikakuta mlango wazi, sanduku limefunuliwa, harufu imejaa chumba kizima, na mkeka haupo. Nilisimama pale nikilia kimyakimya, nikijua mimi ndiye niliyemuua. "Nani huyo hata shikamoo hana?" Bi Mishi aliuliza nyuma yangu, ametoka uani na birika la maji. Jirani yetu, mke wa kibarua wa bandarini, alikuwa amefariki alfajiri, na kwao hapakuwa na kitu. Bi Mishi alikuwa ametoa mkeka, sanda, na kila kilichokuwamo sandukuni.

Mchana jeneza lilipita mbele yetu, na ukingo wa mkeka ulichungulia chini ya kitambaa. Niliutambua ukili wangu. Ulikuwa umenyooka. Niliona haya, kwa sababu watoto wa yule mama walikuwa wakilia na mimi moyoni nilifurahi. Mazishi yalipokwisha Bi Mishi aliniambia niloweke ukindu, maana hana mkeka. Zuhura akakohoa, akakiri kwamba naye aliwahi kusuka "mkeka wa Bi Mishi", na wa kwake ulikwenda kumzika mzee mmoja wa kule Shelly.

Sasa nafundisha wasichana ufundi huohuo, hapahapa Likoni, katika ukumbi wenye feni na viti vya plastiki. Hakuna rula. Tumefundishwa kuwatia moyo wanafunzi, nami nawaambia "vizuri sana" mpaka neno limechujuka, hata wenyewe hawalisikii tena. Nawapa masalio ya ukindu ya kufanyia mazoezi, yakiharibika hakuna anayepoteza kitu. Sanda yangu nimekwisha kuinunua, imo kabatini. Mkeka bado. Yuko msichana mmoja, mwoga, ambaye nimemchagua zamani, na kila asubuhi natoka nyumbani nimeubeba ukindu mweupe mfukoni nikisema leo nitampa. Nikifika nampa masalio mengine. Si yeye asiyekuwa tayari.