Kabati la Juu Lililoshuka Wakati wa Rozari

Mume wangu ni mhasibu, na wahasibu, kama tujuavyo, huzaliwa na useremala damuni. Fundi wa mtaani kwetu Njombe alipotutajia bei ya kutengeneza kabati za jikoni, mume wangu alimsindikiza hadi getini kwa heshima zote, kisha akarudi.

"Mama watoto, kazi hii nitaifanya mwenyewe. Nimeshaangalia video."

Jumamosi tukaenda Makambako kununua mbao. Njombe tumezungukwa na misitu ya paini pande zote, lakini alikuwa amesikia kwamba za kule ni rahisi, na nauli za kwenda na kurudi hazikuwamo kwenye hesabu zake. Muuzaji alimwambia wazi, "Mzee, hizi bado mbichi. Zinataka zikauke kwanza."

"Zitakaukia jikoni," akajibu. Muuzaji akamtakia kazi njema.

Nikahamia uani na mafiga yangu, katika baridi ya Julai, huku bwana akipima ukuta. Alipima sana. Pima maji ya kunyooshea hakununua, kwa sababu alikuwa na jicho. Jicho hilo likalipatia kabati la juu mwinamo mzuri wa kuelekea dirishani, hata nyanya ukiiweka inajua yenyewe pa kwenda. Mbao zilipoanza kukauka, milango ikajikunja, na droo moja ikakataa kufunguka mpaka uipige teke.

"Hiyo ni kwa ajili ya usalama," alinieleza. "Watoto hawataweza kuchezea visu."

Nikamuuliza kama ukuta wetu, wa tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, ungelibeba kabati la juu.

"Unaniamini au huniamini?"

Nikasema namwamini. Kwa imani hiyohiyo nikapanga humo sahani za plastiki, na zile za kauri nikaziacha kwenye beseni chini ya kitanda.

Zamu yetu ya kupokea jumuiya ya kanisa kwa sala ilipofika, mama mkwe alikuja kutoka Uwemba mahsusi kuona kazi ya mwanawe. Alilitazama kabati, akainamisha kichwa kidogo ili lionekane limenyooka, akasema, "Sawa."

Tulikuwa katikati ya rozari lilipoamua kushuka. Lilitoa mlio kwanza, kama mtu anayeomba njia, kisha likaja chini pamoja na kipande cha ukuta. Vumbi likatufuata hadi sebuleni. Watu wote wakanyamaza, isipokuwa mama mkwe, aliyemaliza Salamu Maria yake bila kuruka neno.

Halafu akamgeukia mwanawe. "Baba, Mtakatifu Yosefu alifundishwa kwanza."

Jumuiya nzima ikacheka. Mume wangu alikwenda jikoni akasimama juu ya mabaki yake, uso mkavu kama siku ya ukaguzi. Nikamfuata nikiwa na maneno niliyoyaandaa tangu Makambako. Lakini aliponigeukia, nywele nyeupe kwa vumbi, sahani ya plastiki mkononi, alianza kucheka mwenyewe, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Nikakaa naye. Maneno yangu mengi nikayameza.

Kabati alilitengenezea miguu, na sasa linasimama chini kando ya sinki. Wageni anawaambia kwamba ndivyo alivyokusudia. Mimi naweka humo maharage na unga. Limesimama imara kuliko nilivyotegemea, na sijamwambia.