Sharti la Ubatizo Wangu

Nilibatizwa nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili. Uhakika sina, kwa sababu hakuna aliyeandika siku niliyozaliwa, na mwalimu wa dini alipomuuliza baba, baba alijibu kwamba nilizaliwa mwaka wa nzige. Nzige walikuja Njombe zaidi ya mara moja. Mwalimu akachagua mwaka aliopenda yeye, akauandika, na hadi leo ndio ninaoutaja maofisini.

Siku hizi vijana wa ukoo wetu hunisifu kwamba mimi ndiye niliyefungua mlango wa dini kwetu. Nawaacha wasifu, maana nikianza kueleza mlango ule ulifunguliwa kwa hasara ya nani, sherehe itaharibika. Lakini hapa naandika, na anayeandika halazimiki kutabasamu.

Baba alikuwa na wake wawili. Mama mkubwa alikuwa na wanawe wanne wa kiume na nyumba yenye mlango wa mbao. Mama yangu alikuwa mke wa pili, na alikuwa na mimi tu. Kabla yangu alizaa watoto wawili, wakafa hata meno hawajaota, wakazikwa nyuma ya nyumba karibu na mianzi. Mali yake ilikuwa kinyungu, yaani bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi. Wenzake wakiwa wanatazama mavumbi, yeye anavunja mahindi mabichi. Alikipenda kinyungu kile kuliko alivyompenda baba, na sidhani kama baba hakujua.

Misheni ilikuwa ng'ambo ya bonde letu, mwendo wa asubuhi nzima kutoka bomani Njombe. Nilipelekwa shule pale kwa sababu mama alitaka, na aliyesoma shule alisoma na dini, hapakuwa na kuchagua. Mwanzoni tulipewa medali ndogo ya kuvaa shingoni kwa uzi, alama kwamba tumeanza mafunzo. Kisha ikaja miaka miwili ya maswali na majibu. Tulikariri kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wetu tuliijua kwa fimbo kwanza na kwa maana baadaye. Jioni nilimfundisha mama yaleyale kwa Kibena huku akipepeta ulezi. Nisijisifu kwamba ulikuwa wema. Nilikuwa naringa.

Ndipo tukafika kwenye somo la watoto wachanga wanaokufa bila ubatizo. Mwalimu wa dini alisema hawaendi motoni, ila uso wa Mungu hawatauona kamwe. Nikampelekea mama habari hiyo kama mtu anayetoa bei za gulioni. Akaacha kupepeta.

"Hata kama hawajakosa lolote?"

"Hata kama," nikasema.

Tangu jioni ile ubatizo wangu ukawa kazi yake. Alinisikiliza maswali kabla hajanipa uji. Mwezi wa sita, nyasi zikiwa zimeganda barafu na vidole vya miguu vinauma mpaka unataka kuvikata, alinibeba mgongoni kunivusha mtoni, binti mzima wa miaka kumi, wenzangu wakicheka. "Wewe hutapotea," alikuwa akiniambia. Wale wawili hakuwataja, lakini sikuwa mjinga kiasi cha kutomwelewa.

Hatua ya mwisho ilikuwa kulala misheni miezi mitatu. Kila mtoto alikwenda na jembe lake na unga wake. Asubuhi mafunzo, mchana kulima viazi na ngano vya misheni, jioni sala. Baada ya hapo padri angetuuliza mmoja mmoja, na aliyeshinda angebatizwa na kupokea Komunyo ya Kwanza siku ileile. Aliyebatizwa angeweza kuchukuliwa shule ya bweni ya masista. Asiyebatizwa angerudi nyumbani kungoja mume. Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele yangu, na niliyajua vizuri kama nilivyojua majibu yangu.

Jumapili moja mwalimu wa dini akasoma majina ya watakaolala misheni. Jina langu halikuwamo. Nilijua maswali yote, na nyuma yangu walikuwapo watoto waliotajwa ambao hata kuhesabu sakramenti walikuwa wanaruka mbili. Nikalia pale pale mbele za watu. Mwalimu akaniambia niende nyumbani, atakuja kuzungumza na wazee.

Alikuja kweli, kesho yake. Alikuwa Mbena kama sisi, mtu mpole, mwenye koti moja na baiskeli aliyokuwa akiisukuma zaidi ya kuipanda. Walisalimiana kamwene kwa kamwene mpaka wakaulizana habari za mbuzi, baba akamkaribisha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, akanywa. Halafu akasema lililomleta. Nyumba yetu ni ya mitara. Sheria ya dini haitaki mitara. Mtoto hawezi kubatizwa akitokea mikononi mwa mwanamke aliye mke wa pili.

"Kwa hiyo wataka nini, mwalimu?" baba akauliza.

"Mimi sitaki kitu, baba. Sheria ndiyo inataka. Mama huyu akitoka humu, mtoto hana kizuizi."

Mama alikuwa ameketi karibu na mlango, ameinamisha kichwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Padri ndiye aliyesema?"

"Mama, sheria ni ya padri."

Baba akacheka. Akasema yeye hafukuzi mtu na hazuii mtu, ila anayetoka atoke na mwili wake, mtoto ni wa ukoo. Kisha wakamaliza ulanzi.

Padri alikuwa akikaa ng'ambo tu ya bonde. Alipanda viazi kwa mikono yake, alisema Kiswahili cha kuvunjikavunjika, na mtu yeyote angeweza kumngoja nje ya kanisa baada ya misa akamuuliza. Hakuna aliyemuuliza. Kwetu humwendei mkubwa na shida yako mkononi kama mleta kuku. Unamtuma mtu, na mtu wa kwenda kwa padri alikuwa mwalimu yuleyule. Na mwalimu naye hakuuliza kwa sababu hakuona swali. Alikuwa ametumwa miaka yote kukagua nyumba za watu wazima wanaotaka ubatizo, na sharti la mitara alikuwa analijua kichwani. Kwamba mtoto anaweza kuwa na shauri lake mbele ya Mungu, mbali na nyumba anayolala, hilo Mbena gani wa wakati ule angelifikiria? Kwetu hata mtoto akivunja chungu cha jirani, nyumba nzima huenda kuomba radhi. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyosema kila siku, halafu tunafunga midomo.

Siku tatu mama aliendelea na kazi zake. Alikwenda kinyunguni, akapalilia maharage, akarudi. Nami siku ya tatu nikafanya jambo ambalo ingefaa nilisahau, lakini sijabahatika. Niliona hana haraka. Nilikuwa nawaza wenzangu wanaotwanga unga wao tayari kwenda misheni. Nikamwambia, "Wataka na mimi niwe kama wale wa kwenye mianzi?"

Hakunipiga. Ningependa sana angenipiga. Alinitazama, akaingia ndani, akaanza kufunga nguo zake katika kitambaa.

Aliondoka asubuhi na jembe, chungu kimoja na mkeka. Alikwenda Makambako kwa kaka yake, aliyekuwa kibarua wa barabara. Baba alikuwa uani anachonga mpini, hakuinua uso. Mama mkubwa alimsindikiza hadi njia panda akilia, na sikuamini machozi yale hata kidogo. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameshavuna maharage ya kinyunguni. Lakini nisimsingizie ukatili. Alinilisha, alinisuka nywele, na unga wangu wa misheni aliutwanga yeye, mweupe kuliko wa watoto wote.

Miezi mitatu ikapita. Siku ya mtihani niliingia katika chumba cha padri. Akaniuliza maswali matatu, yote mepesi. Akafurahi, akaniuliza tena kwa upole, "Baba na mama hawajambo?"

"Hawajambo, padri."

"Vizuri sana."

Alikuwa amenifungulia nafasi pana, nami nikampa jibu la adabu, kwa kuwa ndilo nililofundishwa. Nimekuwa nikiyasikia maneno yale mawili, "vizuri sana," katika miaka mingi ya usiku na mchana, na kila mara nahisi hasira, wala simjui wa kumkasirikia.

Siku ya ubatizo mama alikuja. Alipanda lori la magunia ya mahindi kutoka Makambako, akashuka Njombe, akatembea asubuhi nzima. Nilipogeuka nikiwa katika gauni la kitambaa cha marekani walilotushonea masista, nilimwona nyuma kabisa pamoja na wale wasiobatizwa, nywele zake nyekundu kwa vumbi. Alikuwa amekonda. Maji yalipomwagwa kichwani pangu sikufikiri habari za Mungu, nilifikiri kama amekula.

Baada ya misa alinishika mashavu kwa mikono miwili. "Sasa wewe utamwona," akasema. Hakusema kwamba yeye naye atamwona Mungu. Wenzangu walikuwa wakigawiwa wali na nyama, nikamwambia twende tukale. Akakataa, lori lingemwacha. Nami nilikuwa na njaa ya wali, nikaenda.

Makambako ya wakati ule ilikuwa upepo na njia panda, magari ya kwenda Mbeya huku na ya kwenda Songea huku. Mwanamke asiye na mume hakuwa na shamba pale. Mama alipikia madereva ugali na maharage katika kibanda cha nyasi, na kaka yake alipohamishwa na kazi za barabara, akabaki peke yake. Mwishowe akachukuliwa na mwanamume mmoja wa palepale barabarani, aliyekuwa na mke na watoto Wanging'ombe. Kwa hiyo akawa tena mke wa pili. Na safari hii sheria haikukosea: mtu mzima aliye mitarani habatizwi. Alikuwa ameacha nyumba ya kwanza ili mimi nibatizwe, na umaskini wa kuiacha ndio uliomfungia yeye mlango.

Mimi nilikwenda kwa masista, nikasoma, nikawa mwalimu. Mwingereza alikuwa hajaondoka nilipokabidhiwa darasa la watoto wanaojiandaa kwa ubatizo. Nilikuwa mkali. Mwaka wa kwanza nikapata msichana mwerevu kutoka nyumba ya wake watatu, nikaliweka jina lake pembeni. Padri wetu mpya, kijana, akanikuta na orodha akauliza mbona huyu hayumo. Nikamweleza.

Alinitazama kama mwalimu anayetazama hesabu iliyokosewa toka mstari wa kwanza. "Mtoto ana kosa gani?" akasema. "Anataka mwenyewe?"

"Anataka."

"Amejifunza?"

"Amejifunza."

"Baba yake hakatai? Kuna mkristo atakayemsimamia na kumlea katika imani? Basi. Mama yake anaingiaje hapa?"

Nikamuuliza kama ni sheria mpya. Akasema si mpya, watoto wa nyumba kama hizo wamebatizwa siku zote. Nikamshukuru, nikaandika jina la msichana, mkono wangu ukiwa imara kabisa. Mwalimu wangu wa dini alikuwa amekwisha kufa kabla ya hapo. Nilikuwa nimehudhuria maziko yake na kulia kiasi, kwa adabu. Siku ile niliyatamani machozi yale yanirudie machoni.

Likizo ilipofika nikapanda gari kwenda Makambako. Nilikuwa nimeazimia kumwambia mama. Nilijiambia kwamba ukweli ni haki yake, kwamba nyumba ilikuwa yake, kinyungu kilikuwa chake, na aliyedhulumiwa lazima aambiwe kwamba amedhulumiwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Nilimkuta anachambua maharage mlangoni. Alikuwa amezeeka kabla ya wakati wake, anakohoa kwa moshi. Alinikaribisha, akamwita mwanamke wa kibanda jirani aje amwone mwanawe mwalimu. Jirani alipoondoka, mama akaniuliza kazi inakwendaje, nikamwambia nimepewa darasa la ubatizo. Alifurahi mpaka akaweka ungo chini.

"Na watoto wa nyumba kama yetu," akauliza, "wanakuja?"

"Wanakuja, mama."

"Na mama zao wanatoka?"

Yalikuwa hapohapo, maneno yangu yote, yamejipanga. Alikuwa akinitazama bila hofu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu alichokwisha kulipia.

"Wanatoka," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Masikini. Waambie wasilie sana. Ni vigumu mwanzoni, lakini inafaa." Akachukua ungo wake akaendelea kuchambua.

Alikufa mwaka uliofuata, bila ubatizo. Nilipopata habari alikuwa ameshazikwa. Tangu siku ile ya maharage nimeungama dhambi nyingi, kubwa na ndogo, kwa mapadri wengi. Uongo ule sijauungama, kwa sababu nikiungama nitatakiwa kutubu, nami situbu.