Watoto wa Kwenye Karatasi

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mama wa Kitanzania, miaka arobaini na tatu, naishi Irving, huku Marekani, na nafanya kazi kwenye maktaba ya umma ya mji wa jirani. Naandika nikiwa na hasira, na ninaowasema mpo humu humu mnasoma.

Mwaka jana bosi wangu, mama mmoja Mzungu mwenye roho nzuri, aliniruhusu nianzishe saa ya hadithi za Kiswahili kwa watoto, kila Jumamosi asubuhi. Wazazi ndio mlionililia, eti bibi zao wakipiga simu watoto wanabaki bubu. Siku ya kwanza walijaa. Wiki ya tatu wakaja watano. Ila karatasi ya mahudhurio haikupungua, maana mna tabia yenu ile ya msibani: mtu hafiki, lakini jina lazima liwemo kwenye daftari asije akasemwa. Simu inalia: "Dada, niandikie na wanangu wawili, niko highway, nina-exit sasa hivi." Highway ipi? Mtu yuko kitandani, nasikia mpaka shuka. Nami kwa ujinga wa kuoneana haya nikaandika.

Bosi akazipeleka zile karatasi kwenye halmashauri ya mji kuombea bajeti: rafu ya vitabu vya Kiswahili, na ajira ya kudumu kwangu. Kwenye kikao akasimama mzee mmoja mstaafu, ambaye kila Jumamosi husoma gazeti jirani na zulia tunalokalia wakati wa hadithi. Akauliza, "Hao watoto thelathini wanakaa wapi? Mimi nawaona watano." Bosi akanitetea mbele ya watu wote, akasema mimi siwezi kudanganya. Nikaangalia viatu vyangu. Sasa mji unaleta mtu Jumamosi hii aje ahesabu.

Nikawabembeleza kwenye grupu la WhatsApp. Mkajibu vidole gumba, "in shaa Allah" na "Amen". Nesi mmoja, anajijua, akaandika: "Dada, nina shift, ila usisahau ku-sign for me." Wajinga nyie! Rafu ikija mtapiga nayo picha tu.

Lakini nyani haoni kundule. Jana nilizipitia karatasi zote. Jina la kwanza kwenye kila moja ni la binti yangu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Hajakanyaga lile zulia tangu wiki ya pili. Kila Jumamosi nilikuwa namwacha amelala.

Nikimwambia bosi ukweli leo, ajira imekwenda, na wale watano wanaokuja kweli wanakosa hadithi zao. Nikinyamaza, anaaibika yeye aliyeniamini. Nilimuuliza binti yangu kama atakuja, akanijibu, "Mom, is anyone even going?" Eti, kwani kuna mtu anayekwenda?

Ndugu zangu, nimekwama, nielekezeni pa kuanzia. Na tafadhali, mtu asinijibu kwamba yuko njiani.