Kitenge cha Kuchumia Chai

Mtu akiliona blanketi la vipande kitandani kwangu, kwanza hunionea huruma. Mama mmoja wa kanisani aliwahi kuniletea blanketi jipya la dukani, akidhani sina cha kujifunika zaidi ya viraka. Nililipokea, nikashukuru, na wiki hiyo hiyo nikalikata na kulitumia kama tabaka la katikati la blanketi jingine la vipande. Mpaka leo hajui.

Tuko wanawake wanne. Tunakutana Jumamosi mchana barazani kwangu, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, na kwa kuwa mvua ya huku haina adabu, mara nyingi tunashona huku tukipigiana kelele kushindana na bati. Vipande tunaviomba kwa mafundi cherehani wa mjini. Kila mwezi ni zamu ya mmoja wetu: watatu wanamshonea miraba ya blanketi lake, naye anaiunga. Miraba yangu hupinda. Wananiambia kila mara, nami kila mara naudhika.

Mkali wetu ni muuguzi aliyehamishiwa huku kutoka Singida. Ndiye aliyetuwekea sheria kwamba kitambaa kisichofuliwa hakigusi mkasi, na sheria hiyo chanzo chake ni mimi. Katika blanketi langu la kwanza nilitia kanga nyekundu mpya bila kuifua. Siku nilipolifua lote rangi ilitoka, vipande vyeupe vikawa kama vimechinjiwa kuku. Wenzangu walicheka mpaka chai ikapoa. Tangu hapo kitambaa chochote kikiingia nyumbani kwangu, kabla sijakaa chini, kiko kwenye beseni.

Mama alipofariki, baada ya matanga, wakubwa wa ukoo waligawa nguo zake kama ilivyo desturi. Mimi niliyebaki kuishi kwenye nyumba yake nilipata magauni matatu. Dada yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alichukua kitenge cha kijani ambacho mama alikuwa akijifunga kiunoni kuchumia chai. Kilikuwa kimechakaa pindoni, kina madoa ya majani mabichi. Hakuna aliyekigombea.

Mwaka ulipozunguka nikaamua kushona blanketi la mama. Wenzangu walinishonea miraba kutoka kwenye yale magauni, na katikati nikaacha nafasi ya kitenge, kwa sababu mama bila chai si mama. Nikampigia dada kumwomba kipande, upana wa sahani tu. Akagoma. Nikamwomba tena, akagoma tena. Mara ya tatu alikubali kwa sauti ndogo, akakituma kitenge kizima kwa basi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Nililishangaa lile fundo la pili, lakini sikujiuliza zaidi.

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Tukuyu inapoingia mpaka kwenye mifupa, nami nilikuwa na mafua yaliyoziba pua kabisa. Nikafungua mfuko, nikakikunjua kitenge, nikaona madoa. Beseni lilikuwa karibu. Nilikifua mara mbili kwa sabuni ya mche, nikakianika barazani, na kwa jinsi nguo zinavyokauka huku, kilikaa kambani siku tatu.

Siku ya tatu dada akapiga simu.

"Kimefika?"

"Kimefika. Ndaga fijo, dada, asante sana."

"Umekinusa?"

"Nikinuse kwa nini?"

"Mdogo wangu, mama bado yumo mle. Nikimkumbuka nafungua mfuko kidogo, nanusa, nafunga. Mwaka mzima ndivyo nilivyoishi."

Nikakitazama kitenge kambani. Kilikuwa kinang'aa kwa usafi.

"Dada," nikasema, "nimekifua."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikata simu, na sisi tuliozoea kuongea kila Jumapili baada ya ibada, Jumapili tatu zikapita hapokei.

Niliwaeleza wenzangu. Muuguzi alisema sheria ilikuwa yake, kwa hiyo lawama ni yake. Nikamwambia sheria yake haikuwa na mikono, mikono ilikuwa yangu. Mwingine akashauri tukitundike jikoni juu ya moshi wa kuni. Tukakitundika wiki nzima, kikanuka kama samaki wa kukausha. Mama hakuwa hivyo. Alinukia moshi, ndiyo, lakini pia majani mabichi ya chai na maziwa ya mgando, na juu ya yote jasho lake mwenyewe, na hilo hulipati kwa kutundika nguo. Nilikaa jikoni nikalia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi sikumnusa. Alirudi nyumbani kwake akiwa ndani ya mfuko, nami binti yake nikamtia kwenye povu.

Jumapili ya nne ukaja ujumbe wa dada kwenye simu: "Usikikate. Kivae."

Nikakivaa. Nilikifunga kiunoni kuchumia chai kwenye shamba la mama, nikapikia, nikakamulia ng'ombe. Maji pekee kiliyoyaona ni ya mvua. Baada ya muda madoa yalirudi palepale, upande wa kulia, maana kumbe nami hupangusia mikono upande ule ule. Jumamosi muuguzi akawa anachagua kiti cha mbali nami. Nilimkumbuka mama kuliko hata siku za msiba. Kila nilipolikaza fundo la kiuno niliona vidole vyake, na nilitamani aniite japo kwa kunigombeza.

Dada alikuja Krismasi. Ilikuwa Jumamosi, wenzangu wote wako barazani, blanketi limetandazwa mezani likiwa na tundu katikati, mkasi kando yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kiko wapi?"

Nilikifungua kiunoni nikampa. Akauzika uso ndani yake, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Nami, bibi mwenye wajukuu, nilisimama nimebana pumzi kama mwanafunzi anayesubiri kusomewa matokeo.

"Si mama," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Ni wewe."

Akakikunja mara nne taratibu, akatoa mfuko wa nailoni kwenye mkoba wake, akakitia humo, akafunga mafundo mawili. Muuguzi aliuchukua mkasi akaurudisha kwenye kopo lake. Hakuna aliyeuliza habari ya kukata.

Dada alikaa mpaka baada ya mwaka mpya. Siku ya kuondoka nilimsindikiza stendi, na basi lilipowashwa nikashindwa kujizuia.

"Dada, wewe unaondoka nami kwenye mkoba. Mimi nabaki na tundu kwenye blanketi."

Alinitazama. Kisha akajivua kanga aliyokuwa amejitanda, nyekundu, mpya, aliyoivaa siku zote alizokaa kwangu, akiosha nayo vyombo, akilala nayo mchana. Akaniwekea mikononi na kuninyooshea kidole usoni.

"Usiifue!"

Sikuifua. Nimekata kipande upana wa sahani, nimekishona katikati ya magauni ya mama, na kimepinda kama kawaida yangu. Muuguzi ameutazama ule wekundu, ametikisa kichwa, amenionya kwamba siku nitakapolifua blanketi hili rangi itatoka. Nimemwambia asihangaike, halifuliwi. Jioni nalivuta hadi puani, namnusa dada, na kwa kuwa dada ni mtoto wa mama, najilazimisha kuamini kwamba mama naye yumo. Mafua yakinishika nalikunja, nalitia kwenye nailoni, nafunga mafundo mawili, nasubiri pua izibuke.